Ulimi wa Bi Helju

"Usimeze mate kila mara," Furaha alinionya huku akinifunga mtandio. "Wataona koo inapanda inashuka, watajua uko na woga."

"Nina woga."

"Basi uwe nao kwa ndani, dada. Huku nje uwe dereva."

Jikoni kwetu asubuhi ile palijaa kama penye shughuli. Furaha wa Bukavu, anayepara samaki kiwandani, alikuwa nyuma yangu na pini mdomoni. Kombo wa Pemba, mpishi wa kantini ya bandarini, alikuwa anakaanga maandazi. Watu wa vyumba vingine walisimama mlangoni na vikombe vyao, kila mmoja na ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Ndiyo nyumba yetu hiyo. Akienda mmoja kwenye usaili, tumekwenda wote, na siku hiyo usaili ulikuwa wangu, wa udereva wa tramu, zile treni ndogo za mjini.

"Mwajabu," Kombo akasema, "ukipata tramu, mie utanipakia bure?"

"Utalipa mara mbili. Ya kwako, na ya hilo tumbo."

Wakacheka, na mimi nikacheka, maana kicheko kilikuwa ndicho kitu pekee nilichoweza kufanya mjini Tallinn, huku Estonia, bila mkalimani. Kibali changu cha kukaa kilikuwa kinaisha Ijumaa. Bila kazi hakuna kibali, bila lugha hakuna kazi, na lugha ya watu wale nilikuwa nimeigonga miezi minane kama mtu anayevunja nazi kwa kijiko. Mimi, Mwajabu binti Kiluvia, niliyeendesha bajaji Tanga nzima, niliyekuwa nikijua nani kaachika kabla mwenyewe hajaambiwa, nikawa bubu. Dukani nanyoosha kidole. Kwenye lifti watu wanasema, mimi natabasamu kama picha ukutani.

Mashine za kutafsiri zilikuwepo, tena za bei poa. Lakini tangu mwaka ule, katika nchi moja ya jirani, mashine ilipowaelekeza abiria wakimbilie upande wenye moto, ikatungwa Sheria ya Mdomo: anayebeba roho za watu lazima awaambie la kufanya kwa kinywa chake mwenyewe. Wakaguzi hukuweka mbele yao na kukusikiliza. Hakuna mashine, hakuna mkalimani.

Sheria haikusema kitu kuhusu ulimi wa kukodi, kwa sababu wakati inatungwa ulikuwa bado haujavumbuliwa. Walikuja kuuwekea mipaka baadaye, kwa tangazo. Ukikodi kwa ajili ya harusi au mazishi, ruksa. Ukikodi kwa ajili ya mtihani wa kazi, unarudishwa kwenu na hukanyagi tena.

"Hawatagundua," Furaha alininong'oneza, akikandamiza pini ya mwisho juu ya sikio. "Kitambaa kimefunika vizuri. Kazi ukishapata utajifunza pole pole. Nani ataumia?"

Hilo swali nililibeba hadi duka la ndimi, nikalitua mlangoni.

*

Muuzaji alikuwa mama mmoja mwenye kidani cha mashine shingoni, na kidani ndicho kilichosema nami kwa Kiswahili chake kikavu. Akanionyesha kipepeo: kidude chembamba kama kucha, chenye mabawa mawili. Huwa viwili: kimoja hubandikwa nyuma ya sikio la anayekodi, kingine nyuma ya sikio la mwenye lugha, na popote walipo ndani ya mji vinasikizana.

"Lugha hainakiliki," kidani kilieleza. "Wataalamu walijaribu kwa miaka, ikashindikana. Inahamishika tu, kama maji ya glasi moja kumiminwa katika glasi nyingine. Kwa saa moja utakuwa nayo wewe."

"Na mwenyewe je?"

"Atakuwa na mawazo yake yote. Hatakuwa na maneno. Hataelewa asemwalo wala hataweza kusema. Wengi huenda nyumbani wakalala. Hutaonana naye, hutamjua jina. Ndiyo masharti."

Pazia la kijivu lilikuwa hatua chache kutoka nilipokaa. Nyuma yake mtu alikohoa.

Sasa wee, mimi nimelelewa kwamba huendi kuazima hata kinu cha jirani bila kumsabahi. Nitachukua ulimi wa mtu kutoka kichwani mwake, halafu nijifanye sijui kama yupo? Nikainuka.

"Hodi!" nikaita, nikasogeza pazia.

Bibi mmoja mwembamba alikaa juu ya stuli, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi, soksi moja ya rangi hii na nyingine ya rangi ile. Alishtuka. Kisha alinitazama, mtandio wangu, viatu vyangu vya kuazima, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo kama mtu aliyekutwa anakula kwa siri.

Nikajigonga kifua. "Mwajabu."

Akajigonga chake. "Helju."

Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili, nikampa shikamoo yake. Hakuelewa, lakini aliipokea. Akanipapasa kiganja mara mbili. Muuzaji alikuwa anapiga kelele na kidani kinamfuata nyuma: hairuhusiwi, hairuhusiwi, hairuhusiwi.

Bi Helju akavaa koti, akaondoka kwenda kwake. Tukasubiri afike. Kisha muuzaji akabonyeza kipepeo changu.

Sikujua kwamba maneno ya mtu hayaji mikono mitupu. "Mkate" lilikuja na harufu ya mbegu kali zilizookwa. "Mlango" lilikuja la kijani, na kitasa cha shaba kinachokwama wakati wa baridi. "Mume" lilikuja na baridi ya upande mmoja wa kitanda. Nikasimama pale dukani na machozi ya mtu mwingine yananitoka, nikamwambia muuzaji kwa Kiestonia kilichonyooka, "Asante, mama, nimepata."

*

Chumba cha usaili kilikuwa na meza ndefu, na juu ya meza mpini wa breki uliong'olewa kwenye tramu ya zamani. Unaushika huku unaulizwa maswali, ili waone mkono wako unafanya nini mdomo ukiwa kazini. Simu nilikuwa nimeiacha kwa mlinzi, kama kila mtu.

Wakaguzi walikuwa wawili. Urmas, bwana mwenye shingo nene, hakuinua macho. Reet, mama wa umri wangu hivi, mwenye miwani na macho yaliyokosa usingizi, alinionyesha kiti.

Na hapo, jamani, baada ya miezi minane ya ububu, nikapewa kinywa! Nikawasalimia. Nikawauliza wameamkaje. Nikawauliza theluji imewatendeaje njiani. Nikamgeukia Reet: watu wa nyumbani hawajambo? Watoto je? Wazee?

Urmas akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa yangu pia, ya kukodi, nami nilikuwa naimwaga kwa salamu.

"Nyumbani?" Reet akarudia, kama mtu aliyeulizwa kuhusu nchi aliyowahi kuisikia. Kisha akasema, "Tuanze."

Wakaniuliza alama za barabarani. Nikajibu. Wakaniuliza barafu ikiganda kwenye reli. Nikajibu, mkono kwenye mpini umetulia. Nilisikia sauti yangu ikipita chumbani imenyooka na nzuri, nikaanza kujiona ndani ya tramu, Furaha kiti cha mbele, Kombo analipa mara mbili.

"Unaishi wapi?" Urmas aliuliza ghafla.

Swali la mtoto wa chekechea. Lakini neno "kwangu" lilipokuja, lilikuja na mlango wa kijani. "Mtaa wa Kiwandani, nyumba ya mbao ya mwisho," nikajisikia nasema, "ghorofa ya pili, mlango wa kijani." Nikauma ulimi, ulimi usio wangu.

Urmas aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Hapa umeandikisha majengo ya Lasnamäe."

"Nimehama juzi," nikasema.

Reet akasema, "Tuendelee. Tramu imekwama kwenye theluji, umeme umekatika. Abiria wameanza kupiga makelele. Sema nao."

Nikashika mpini. "Ndugu abiria, tafadhali kaeni. Mimi ndiye dereva wenu. Milango itabaki imefungwa mpaka..."

Kitu kikavuta.

Sijui nikuelezeje. Ni kama umeshika ncha ya kamba, ukadhani imefungwa ukutani, kumbe upande wa pili kuna mtu. Neno nililokuwa nalifuata likateleza, na mahali pake yakapanda mengine ambayo sikuyaita.

"Nimeanguka," nikasema. "Kichwa. Damu."



"Nani ameanguka?" Reet akauliza.

Nikapata uongo kabla sijapata pumzi. "Abiria. Nasema mmojawapo akianguka, akasema ameanguka, ameumia kichwa, nitamfuata kwanza huyo. Wengine watatulia wakiona mmoja anahudumiwa."

Urmas aliitikia kwa kichwa taratibu, kwa kuridhika. Ndiyo, aliridhika! Akainamia kishikwambi chake akaweka alama. Naijua alama nzuri ninapoiona, hata mkono wa mtu una uso.

Wakaanza kunong'onezana. Nilibaki na mpini, na vigae. Neno "sakafu" lilikuwa limenijia bila kuitwa, nalo lilikuja na vigae vya baridi shavuni, na harufu ya sabuni, na mbali kabisa, jikoni, simu. Bi Helju alikuwa kwenye sakafu ya bafu lake anatafuta neno la kumwita mtu, na kila alipoingiza mkono mahali maneno yanapokaa alikuta patupu. Nilikuwa nayo mimi. Nilikuwa nayatumia kuomba kazi.

Nikapiga hesabu za haraka, hesabu za mtaani. Nikibonyeza kipepeo kimyakimya chini ya mtandio, atapata maneno yake. Lakini amwambie nani, na simu iko jikoni? Nikitoka nje kukimbilia simu yangu kwa mlinzi, anayetoka kabla ya kumaliza amefeli. Nikikaa? Yalibaki maswali mawili matatu, halafu kibali, halafu mshahara, halafu nashuka ngazi na kumpigia mtu yeyote. Kichwa kinatoa damu nyingi hata kwa jeraha dogo, si ndivyo wasemavyo? Labda ameinuka. Labda kanikodisha ulimi wakati tayari ana kizunguzungu chake, je, hilo ni langu?

Kamba ikavuta tena. Safari hii kidogo tu, kama mtoto anayevuta kanga ya mama yake akiwa karibu kusinzia.

Kwetu Mwanzange, kule Tanga, yowe likipigwa, huulizi la nani. Unatoka ulivyo, na povu mikononi, na mwiko, na kanga moja. Atakayebaki ndani siku hiyo haambiwi kitu usoni. Lakini siku ya msiba wake turubai linafungwa na viti havina watu. Mama yangu alikuwa na adui yake wa kutupwa mtaa wa pili, mwanamke waliyenyimana salamu miaka. Yowe lilipotoka kwa yule mwanamke, mama alifika wa kwanza. Aliporudi jioni akakuta uadui wake upo palepale, akaendelea nao.

Na yowe hili lilikuwa limepigwa mdomoni mwangu mwenyewe.

"Bwana Urmas, Bi Reet," nikasema. "Ulimi huu si wangu."

Nikachomoa pini. Mtandio ukashuka, na kipepeo kikaonekana.

Urmas alisimama mpaka kiti kikaanguka. Alisema neno ambalo Bi Helju alilijua lakini hakuwa akilitumia. Kisha akasema: polisi, udanganyifu, mtakuja na hila gani nyingine ninyi watu. Nilielewa yote, kila silabi, ndiyo ilikuwa adhabu yake.

"Kweli kabisa," nikasema. "Yote hayo ni kweli, nitakaa hapahapa mnikamate. Lakini mwenye ulimi ameanguka bafuni na hawezi kuita mtu, kwa sababu maneno yake ninayo mimi. Anaitwa Helju. Mtaa wa Kiwandani, nyumba ya mbao ya mwisho, ghorofa ya pili, mlango wa kijani, kitasa kinakwama, wausukume kwa bega. Piga simu, dada, nakuomba."

Reet hakumtazama Urmas. Alikuwa ameshaweka simu mezani, sauti wazi, na anawaambia watu wa dharura maneno yangu moja baada ya jingine.

Tukangoja. Urmas alisimama mlangoni amekunja mikono, kana kwamba ningekimbilia wapi na viatu vya kuazima. Kamba ilikuwa haivuti tena. Hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

Kisha watu wa gari la wagonjwa wakafika, na simu ikajaa buti, mlango, mwanamume anaita, "Bibi! Bibi, unanisikia?" Mwingine akasema, "Macho yako wazi. Ananitazama. Hajibu, haelewi nikimwambia ainue mkono." Na wa kwanza, kwa haraka: "Hana maneno kabisa. Ni kiharusi hiki, ndicho kilichomwangusha. Tayarisha sindano ya kuyeyusha damu."

"Hapana!" Nilijikuta nimesimama. "Si kiharusi! Amepasuka kichwa, anavuja damu! Ukiyeyusha damu ya mtu anayevuja..."

"Nani huyo anasema?" ikauliza simu.

Reet alinitazama, mimi nikamtazama. Tulijua wote wawili. Hao watu hawakuwa na sababu ya kuamini sauti ya mezani. Wangemwamini Bi Helju tu, akisema kwa kinywa chake.

Kidole changu kilikuwa kwenye kipepeo. Nikishabonyeza, sitakuwa na neno la kujitetea, mbele ya Urmas, mbele ya polisi, mbele ya mtu yeyote. Ningeweza kutumia sentensi ya mwisho kwa ajili yangu. Nilikuwa nayo tayari, ilikuwa nzuri: mimi ni dereva hodari, niliogopa, msinirudishe.

"Msimchome," nikasema. "Hesabuni pumzi chache tu, anarudishiwa maneno yake sasa hivi. Na mwambieni Mwajabu anampa pole."

Nikabonyeza.

*

Umewahi kuona taa ikizimwa kwenye chumba chenye watu wengi? Watu wapo, wanapumua, lakini huwaoni. Ndivyo ilivyokuwa. Mkate, mlango, mume, vyote vikaondoka na harufu zao. Simu ilikuwa inatoa kelele tu, kama mawe yanayomwagwa kwenye ndoo.

Nikasubiri. Mawe, mawe. Kimya. Halafu sauti moja nyembamba, iliyokauka, ikatoka ndani ya ile kelele. Ilisema neno. Ikasema jingine. Ikaanza kusema kwa mfululizo, kwa ukali, kama bibi yeyote anayemkaripia mtu aliyeingia bafuni kwake na viatu vyenye matope. Sikuelewa hata chembe. Lakini ukali wa mtu mzima anayepona unaujua kwa lugha yoyote.

Katikati ya mawe yote hayo nikasikia, wazi kabisa, jina langu.

Nikakaa sakafuni nikalia. Safari hii machozi yalikuwa yangu.

Reet na Urmas walibishana juu ya kichwa changu. Urmas alinyoosha kidole mlangoni, kwenye kipepeo, kwenye mpini. Reet alisema machache, kwa sauti ya chini. Nilijaribu kusoma nyuso, lakini uso wa Mwestonia kwa mgeni ni dirisha lililofungwa. Urmas akatoka. Viatu vyake vikaenda vikipungua kwenye korido, na sikujua anakwenda kuita nani.

Reet alikuja akachuchumaa mbele yangu. Akasema kitu kirefu, polepole, na katika urefu huo wote nikakamata neno moja, *kodus*, nyumbani, ambalo nilikuwa nimelijua kabla ya duka la ndimi, kwa jasho langu mwenyewe, nikikariri salamu yao, *tere*, jikoni na Furaha huku Kombo akinicheka.

Akajigonga kifua. Akashusha kiganja karibu na sakafu: mdogo, hivi. Kisha akaweka ngumi mdomoni akakohoa, akakohoa tena, akalaza shavu juu ya mikono na kutikisa kichwa: hatulali.

Alikuwa ananijibu. Nilimuuliza mwanzoni habari za nyumbani, na sasa ndiyo alikuwa ananijibu.

"Pole, mama," nikamwambia kwa Kiswahili. "Mpake mafuta kifuani, usimfungulie dirisha."

Akaitikia kwa kichwa kama aliyeelewa. Akainuka, akakiokota kile kiti cha Urmas kilichoanguka, akakiweka mbele ya meza, karibu na mpini wa breki, akanionyesha. Kaa.

Kaa usubiri polisi, au kaa tuanze upya? Kwenye korido vile viatu vilikuwa vinarudi, na havikuwa peke yake. Nilimtazama usoni, sikuona kitu. Nikafunga mtandio wangu vizuri, masikio yote mawili nje.

Nikakaa. Nikaufungua mdomo wangu mwenyewe.

"*Tere*," nikasema.